Mchumba Hasomeshwi, Zahanati Je?

Mwezi huu nilipanga tuongelee gharama za sendofu, maana michango inatumaliza. Nimeweka kando mada hiyo kwa sababu ya barua moja kutoka Kanazi, Bukoba Vijijini.

Aliyeandika ni binti wa miaka 22. Alifaulu masomo ya sayansi, lakini ada ya chuo ikawa ndoto, na mwaka wa pili sasa yuko nyumbani anamsaidia mama yake kwenye kibanja. Zahanati moja ya huko kwao imeamua kusomesha vijana watatu wa jirani na yeye ni mmoja wao. Watamlipia stashahada ya utabibu, miaka 3 yote, pamoja na malazi. Sharti ni kwamba akimaliza arudi awafanyie kazi miaka 5. Furaha tupu, sio? Tatizo ni kwamba ana mchumba Dar es Salaam. Kaka huyo ana kazi nzuri, ameshapeleka barua ya posa, na aliposikia habari ya mkataba akasema: "Usisaini. Nitakusomesha mimi." Binti ananiuliza, "Dada mhariri, nimkubalie nani?"

Mabibi na mabwana, hapa ofisini barua hii ilizua mjadala hadi chai ikapoa. Wanaume wote wawili wa meza ya usanifu walijibu kwa pamoja: mchumba hasomeshwi! Msemo huu mnaujua. Kila mtaa una kaka aliyelipa ada miaka mitatu, halafu siku ya mahafali akakuta mwenye suti amesimama upande wa pili wa joho. Tukawacheka. Lakini mimi nikawauliza, mbona siku zote msemo huu unatungwa kwa upande wa mlipaji? Anayelipiwa naye hana cha kupoteza?

Anacho, tena kikubwa. Mdogo wangu wa Kanazi, hao wote wawili wanakupa mkataba. Tofauti ni kwamba wa zahanati umeandikwa. Umeambiwa miaka 5, unajua inaanza lini na inaisha lini. Wa mchumba haujaandikwa popote. Utasomaje siku mkigombana? Utasemaje "hapana" kwa mtu ambaye mtihani wako wa muhula ujao unategemea simu yake? Sisemi huyo kaka ana nia mbaya, huenda ni mtu safi kabisa. Ninachosema ni kwamba penzi likichanganywa na risiti za ada, siku ya ugomvi risiti ndizo zinazotolewa kwanza. Akitaka kusaidia, akununulie vitabu na nauli za likizo.

Sasa tusiitukuze zahanati kupita kiasi. Haikuchagui kwa sababu ya macho yako. Tangu mwaka 2007, mpango wa MMAM ulipoweka lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, majengo yamepanda haraka kuliko watu wa kuyafanyia kazi. Wanaohitimu mijini hawapendi kwenda vijijini, na wakienda, wanahama. Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilianza kwa kuwapeleka madaktari na wauguzi wilaya za pembezoni kwa mikataba maalumu, kwa tatizo hilo hilo. Mtoto wa Kanazi ana kwao Kanazi. Anajua kumsalimia bibi kwa Kihaya kabla ya kumpima presha, na mama yake yupo wa kumlelea mtoto akiwa zamu ya usiku. Mwenye zahanati ameyapigia hesabu yote hayo, nawe piga yako.

Uanze na kuusoma mkataba wenyewe. Uliza ni ada tu, au na mazoezi ya vitendo, mitihani na usajili baada ya chuo? Ukifeli somo ukarudia mwaka, nani analipa? Katika ile miaka 5 mshahara utakuwa wa kiwango gani? Hapa wengi wanaumia, wanasaini kurudi kazini bila kuuliza watalipwa nini, kisha wanafanya kazi ya tabibu kwa posho ya kujikimu. Ukitaka kutoka mapema, unarudisha fedha zote au zinapungua kila mwaka uliotumikia? Na zahanati ikifungwa, deni linakufa au linakufuata?

Kuna jambo jingine ambalo binti ameliandika kwa aibu mwishoni mwa barua. Ameambiwa kwa mdomo kwamba asipate mimba wala asiolewe mpaka amalize kutumikia. Jamani! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito au hali ya ndoa, na inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, siku 100 akijifungua pacha. Hilo sharti lisiingie kwenye karatasi, na likiwa la mdomo, uwaambie walifute kwa mdomo mbele ya shahidi.

Ujue pia kwamba milango sio miwili tu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha wanafunzi wa stashahada, na kozi za afya zimo. Ni mkopo, utakatwa asilimia 15 ya mshahara ukishaajiriwa, lakini haukufungi Kanazi wala Dar. Vyuo navyo viko jirani, Ndolage na Rubya, vyote wilaya ya Muleba. Ila nikuonye, ajira za serikali siku hizi sio za kusubiri kwa mkono mmoja. Wapo wahitimu wa afya wengi wanaouza vocha. Hapo ndipo ile miaka 5 ya zahanati inageuka kuwa kitu kingine: kazi iliyokusubiri.

Na kazi yenyewe sio ya mchezo. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipoingia Bukoba Vijijini, wagonjwa tisa walihesabiwa pamoja na mmoja ambaye hakuwahi kupimwa, na sita walifariki. Wahudumu wawili wa afya waliambukizwa, mmoja wao akafa. Mchumba anayeuliza "kwa nini urudi kule" huenda anaogopa hilo na hajui namna ya kulisema. Muulize.

Muulize na jingine: kwa nini ni wewe tu unayetakiwa kuhama? Dar hadi Bukoba ni kama kilomita 1,400 za barabara, na urefu wake ni ule ule ukitokea upande wowote. Nimewaona wanandoa walioishi mbalimbali miaka miwili, mitatu, wakavuka. Nimewaona pia waliolala kitanda kimoja wakaachana. Lakini kaka anayesema "nitakusomesha" na hawezi kusema "nitakufuata," hapo mimi ningekaa chini nitafakari.

Nilimpigia binti simu nikamwambia haya yote. Akaupeleka mkataba kwa wakili Bukoba mjini, akarudi zahanati na maswali yake kwenye daftari. Wameshusha miaka 5 kuwa 4, na deni litapungua kila mwaka atakaotumikia. Suala la mimba wamesema "lilikuwa ni ushauri tu." Mpaka tunakwenda mitamboni alikuwa bado hajasaini. Mchumba ameomba wiki moja ya kufikiri, na hii ni ya tatu.