Friji kunguruma siyo kupoza (sehemu ya 4)

Mama zangu wa Kibaha na Kisarawe, leo sipepesi macho. Fundi akibadili themostati, akasikia friji inanguruma, akachukua hela yake akaondoka, kazi HAIJAISHA.

Humo mna maziwa uliyomkamulia mwanao. Mna insulini ya bibi. Maziwa yanataka nyuzi 4 kushuka chini. Insulini inataka 2 hadi 8, na ikishaganda imeharibika. Hata ikiyeyuka msimchome. Sasa kiganja chako kitajuaje 4 na 10?

Kabla fundi hajatoka muulize: mkia wa themostati umeubana palepale ulipokuwa wa zamani? Ukining'inia, mashine haizimi, inagandisha. Mpira wa mlango unashika?

Halafu weka kipimajoto cha friji kwenye glasi ya maji, ilale humo, soma asubuhi. Siyo kile cha homa, hakishuki mpaka huko!

Mtasema nesi anatuongezea gharama. Na mtoto akiharisha, hiyo siyo gharama?

Mpaka usome namba, mnyonyeshe mwenyewe, na insulini ikae kwa jirani mwenye friji nzima. "Naona inapoza" siyo kipimo.