Mto Hauna Hati Miliki

Tangu lini mto ukawa na mwenyewe? Tangu lini kando ya barabara, anapopita mama na mzigo wa ndizi mgongoni na mtoto anayekwenda shule, pakawa kiwanja cha mtu? Haya ni maswali ya siasa. Majibu yake ndiyo yatakayotuambia kama tulipigania vyama vingi ili tubadilishe utawala, au tulibadilisha sura za watawala tu.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi waliamini kwamba sanduku la kura lingetosha kuikomboa nchi. Halikutosha. Wanyakuzi walihama vyama pamoja nasi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kama zawadi za kisiasa, hasa karibu na chaguzi kuu za 1992, 1997 na 2002. Misitu, viwanja vya mijini na kingo za mito, vyote viliwekwa mezani kama nyama ya karamu. Shamba la Nabothi halikunyakuliwa mara moja tu katika historia.

Sasa tuitazame Kianjokoma yetu. Soko hili liko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katikati ya majani chai na kahawa. Mito ya Embu hutoka msituni juu, huteremka hadi Mto Tana wenye mabwawa ya umeme kama Kamburu na Kiambere, kisha maji hayo humwagika Bahari ya Hindi kule Kipini. Sisi, basi, ni watu wa kando ya maji ingawa hatuna bahari. Tukilima hadi ukingoni na kuelekeza mitaro michafu mtoni, tunamnywesha jirani wa chini uchafu wetu.

Masoko yetu madogo yanakua haraka, na yanakua bila mpango. Barabara hutiwa lami, mheshimiwa hukata utepe, na anayetembea kwa miguu huachiwa mtaro. Mwaka 2023 zaidi ya watu 4,000 walifariki katika ajali za barabarani nchini Kenya, na waliotembea kwa miguu ndio waliokuwa wengi kuliko kundi lolote jingine. Huo si mkosi. Ni matokeo ya kupanga mji kwa ajili ya mwenye gari na kumsahau raia.

Mji mdogo ulio bora si ndoto ya wazungu. Ni mji ambamo soko, shule, zahanati na kanisa vinafikika kwa mwendo mfupi wa miguu. Una njia ya waendao kwa miguu iliyotengwa na magari, mitaro iliyofunikwa, taa za usiku, na kivuko imara mtoni. Kingo za mto zina miti ya asili badala ya mikaratusi inayofyonza maji, na njia ya kufika majini ni ya kila mtu.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu barabara na mito kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti mipango ya miji, barabara za kaunti, masoko na taa za barabarani. Asije mtu, basi, kutuambia kwamba mambo haya yanaamuliwa Nairobi.

Watatuuliza: je, mnataka vibanda vya maskini vibomolewe? Hapana! Tuliona yaliyotokea baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali ilipoamuru watu waondoke kwenye kingo za mito, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Aliyelala kwenye mabati alivunjiwa wakati bado analia maiti wake. Ndiyo maana twasema mpango utangulie tingatinga. Muuza mboga atengewe mahali penye kivuli na maji kabla ya kuondolewa alipo, na mwenye ghorofa apimwe kwa kamba ile ile anayopimwa mwenye kibanda.

Wenzetu wa pwani, huko ambako maji yetu huishia, wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, na umeishi karne nyingi ukielekea bahari. Ulipoletwa mradi wa umeme wa makaa ya mawe, wakazi hawakukubali kuamuliwa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira liliifuta leseni ya mradi huo, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kama Lamu waliweza, Embu tumefungwa na nani?

Tena Kianjokoma ina sababu yake ya kudai haki ya kutembea. Usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, vijana wawili wa mama mmoja walikamatwa hapa na polisi kwa madai ya kuvunja kafyu, na baadaye miili yao ikapatikana katika chumba cha maiti Embu. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji. Mji ambamo raia huogopa gari mchana na rungu usiku haujawa mji huru, hata ukiwa na vyama mia.

Tufanye nini? Kila parokia na kila kikundi kidai kuuona mpango wa soko lake, kwa maandishi, kabla ya bajeti kupitishwa. Wazee wa kanisa na vijana wapite pamoja kando ya mto, wahesabu vigingi vipya, waandike na kupiga picha. Kanisa lenye shamba ukingoni lianze kwa kurudisha miti, maana hatuwezi kumkemea Ahabu tukiwa tumekalia shamba la Nabothi. Palipo na unyakuzi, tuwasilishe ombi kwa bunge la kaunti. Likilala, twende mahakamani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta tumezijenga za kutosha. Mto ni wetu sote, na njia ni yetu sote. Tusingoje kupewa tulicho nacho tayari kwa mujibu wa Katiba: tukidai, na tukilinde.