Notisi ya kuhama nyumba: hiyo 'miezi mitatu' imetoka wapi?

Waulize wapangaji wa Misuna, Majengo au Mandewa, mjini Singida, notisi ya kuhama ni ya muda gani. Wengi watakujibu bila kufikiri: miezi mitatu. Muulize mwenye nyumba, unaweza kujibiwa: nyumba ni yangu, nikisema utoke unatoka.

Wote wanakosea, na mwenye nyumba anakosea zaidi.

Sheria iliyodhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ambayo ilimbana sana mwenye nyumba, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mambo ya pango yanaongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, pamoja na mkataba wenu. Ndani ya sheria hiyo hakuna 'miezi mitatu' ya kila mtu. Ukiiona, ujue imeandikwa kwenye mkataba, na ikiandikwa hapo inawabana nyote wawili.

Kama mkataba una tarehe ya mwisho, unaisha siku hiyo. Mwenye nyumba halazimiki kukuongezea muda. Lakini pia hawezi kukutoa katikati kwa sababu tu amepata mtu wa dau kubwa, labda mkataba wenyewe uwe unamruhusu.

Kazi ipo kwa wale ambao mkataba uliisha zamani, wakaendelea kukaa na kodi ikaendelea kupokelewa. Au hawakuandikishana kabisa, kuna daftari la kodi tu. Hapo sheria inahesabu kwamba mnapangishana kwa vipindi, na notisi haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi kimoja cha kodi. Kodi ya mwezi, notisi ya mwezi. Aliyebaki ndani kwa ridhaa baada ya mkataba kuisha huhesabiwa mwezi kwa mwezi, kama hamkukubaliana vingine.

Sasa tazama tunavyolipana huku kwetu. Chumba ni elfu hamsini kwa mwezi, ila lete ya miezi sita. Kipindi ni mwezi au miezi sita? Mpangaji atasema sita, mwenye nyumba atasema mmoja, na kila mmoja ana hoja. Kwa maoni yangu hili ndilo shimo kubwa kuliko yote, na linazibwa kwa sentensi moja kwenye mkataba: notisi ni ya muda gani, na kodi iliyobaki inarudishwaje. Mwanafunzi wa TIA anayetafuta geto na mwenye frem ya duka wanaihitaji sawasawa.

Notisi yenyewe iandikwe, iwe na tarehe ya kutolewa na ya kuhama, na mpangaji asaini kuwa ameipokea. Meseji ya WhatsApp? Usiidharau. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi. Usiifute.

Kufunga kufuli jipya, kukata umeme au kung'oa bati si notisi. Mpangaji anayelipa na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa amani. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa shahidi na kuwasuluhisha, ila hana mamlaka ya kuamuru mtu atolewe.

Mkishindwana, anzeni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila muafaka, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wakati huo wote kodi endelea kulipa, na kwa njia inayoacha risiti. Ukigoma kulipa kwa hasira, unampa mwenye nyumba sababu ya kukutoa ambayo jana hakuwa nayo.