Mungu si Athumani, Wala si Kithitu

Kila mvua inapokosa kunyesha Ukambani, mimbari hupata somo la haraka. Kutoka Mwingi hadi Kibwezi, mhubiri husimama na kuwaarifu walioketi mbele yake kwamba mbingu zimefungwa kwa sababu ya dhambi zao: vijana wamezini, wake kwa waume wamevunja ahadi za ndoa, fungu la kumi halitolewi. Wasikilizaji, aghalabu akina mama walioamka alfajiri kutafuta maji, huinamisha vichwa. Makala haya yanadai kwamba mahubiri ya namna hii, hata yatolewapo kwa nia njema, yanaibomoa imani yenyewe yanayodhamiria kuitetea. Yanamgeuza Mungu kuwa kithitu.

Kwa msomaji asiyetoka upande wetu, kithitu ni kiapo, na papo hapo ni jina la kifaa kinachoapiwa: vitu vya siri vilivyofungwa pamoja, ambavyo watu huviogopa hata kuvitaja. Wazee walikitumia, na hapa na pale katika Kitui na Makueni wangali wanakitumia, pale kesi ya shamba au ya mauaji inapokosa shahidi. Anayeapa hukigonga kwa kijiti huku akitamka maneno ya kujilaani iwapo anasema uongo. Gerhard Lindblom, mtafiti wa Kiswidi aliyeishi miongoni mwa Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20, alikieleza kwa kirefu. Inaaminika kwamba mwongo hufa, naye hafi peke yake. Hufuatwa na nduguze, na wanawe, na hata mtoto aliye mgongoni asiyejua kesi ilihusu nini. Kithitu hakina sikio. Hakiulizi nani alikosa na nani alizaliwa tu katika ukoo wa mkosaji.

Sasa na tumtazame Mungu wa mahubiri ya ukame. Kijana amezini mjini Mwingi, na mbuzi wa ajuza wa Kathonzweni anakufa kwa kiu. Kiongozi amehini amana ya umma Nairobi, na mahindi yananyauka Mutomo. Je, adhabu ya aina hii inatofautianaje na ile ya kifaa kisicho na sikio? Waswahili wa pwani walikwisha kunena kwamba Mungu si Athumani, wakimaanisha kuwa hana upendeleo wala chuki za kibinadamu. Sisi wa bara tunaweza kuongeza kwamba wala si kithitu.

Isitoshe, hesabu yenyewe haijumliki. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika Pembe ya Afrika, na kaunti zetu mbili zikawa miongoni mwa zilizoathirika. Tarehe 14 Februari 2023 taifa liliitwa katika Uwanja wa Nyayo kuomba mvua. Mvua ilinyesha mwezi uliofuata, na wengi tukashukuru. Lakini ilipofika Novemba mwaka uo huo, mafuriko yalibomoa nyumba na kuua watu nchini. Ikiwa ukame ulikuwa adhabu na mvua ikawa msamaha, basi mafuriko yalikuwa nini? Tulitubu kupita kiasi?

Wazee wetu walikuwa waangalifu zaidi katika jambo hili. Waliipa kila njaa kubwa jina. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ya mwaka 1984 ikaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa nimeshika, kwa sababu mtu alikuwa na fedha mkononi na chakula hakikupatikana. Majina haya yanashuhudia yaliyotukia. Katika majina ya njaa niyajuayo, halimo hata moja linalomtaja mzinzi.

Nadhani sehemu ya mkanganyiko huu imo katika lugha, na hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kusikika. Neno letu la neema lina mizigo miwili. Mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno. Neema ni shibe, ni ustawi, ni ghala lililojaa. Papo hapo, neema ndilo neno ambalo Biblia ya Kiswahili hulitumia kwa ukarimu wa Mungu kwa mtu asiyestahili. Mkulima wa Kitui anapohubiriwa neema kwa Kiswahili, masikio yake husikia maana zote mbili kwa pamoja, naye huhitimisha kwamba mvua ikiondoka, yule mwenye neema ameondoka nayo. Mhubiri asipozitenganisha, shamba kavu huwa hati ya mashtaka.

Pana wasemao kwamba dhana ya neema ni ya kuja, ililetwa Nzaui na wamishonari wa Africa Inland Mission mwaka 1895, na kwamba mababu walijua malipo tu: dawa ya deni ni kulipa. Madai haya ni nusu ya ukweli. Hao hao walioogopa kithitu walikuwa na ng'ondu, utakaso wa dawa za mimea zilizochanganywa na vitu vya tumboni mwa mbuzi, uliomrejesha mkosaji katika jamii baada ya kukiri. Maana yake ni kwamba hata wao waliona kuwa deni lisilo na kikomo huumaliza ukoo. Aidha, kitenzi cha Kikamba cha kusamehe, kuekea, kimejengwa juu ya kuacha: kusamehe ni kumwachia mtu.

Hata hivyo, tofauti ipo, nayo si ndogo. Katika ng'ondu, mbuzi ni wa nani? Ni wa mkosaji. Familia iliyoapa uongo ndiyo inayotafuta mnyama, ndiyo inayogharimika. Katika Injili, mbuzi, ukipenda mwanakondoo, hutolewa na aliyekosewa. Huu ndio mgeuzo ambao mababu hawakuufikia, na ambao mahubiri ya ukame yanaukana kila Jumapili yanapomtaka mwenye njaa alipe kwanza ndipo anyeshewe.

Marehemu John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichunguza katika kitabu chake cha 1971 jinsi waumini wa Ukambani walivyozipokea picha za Agano Jipya kuhusu mambo ya mwisho, na akaonyesha kwamba moto na hazina za mbinguni zilichukuliwa kama vitu halisi. Ningeongeza kwamba moto ulipata wenyeji wake upesi kwa sababu uliikuta nyumba tayari: kithitu kilikuwa kimeshaifagia.

Kitabu cha Hosea kingetusaidia, lau kingesomwa kwa sikio la Kikamba. Kwetu ndoa hutambuliwa kwa ntheo na mume hutoa ng'asya. Mke akiondoka moja kwa moja, mila humruhusu mume kudai mali yake irudishwe. Nabii huyu anaambiwa ampende tena mke aliyemwacha, naye anatoa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Analipa mara ya pili kwa mwanamke yule yule! Mzee yeyote wa Makueni angemwona amerukwa na akili, na hivyo ndivyo nabii anavyotaka tuone. Lakini wahubiri wetu wamekigeuza kitabu hiki fimbo ya kuwachapia wanawake, ilhali wanaoshtakiwa humo kwa khiyana ni pamoja na makuhani na wakuu wa Israeli.

Nimeona katika kanisa moja, nisilolitaja, msichana mjamzito akiketishwa kiti cha nyuma kwa miezi, huku aliyempa mimba akiendelea kuimba kwaya. Kanisa lilidhani linalinda utakatifu. Kezilahabi aliliona hili katika Rosa Mistika, mwaka 1971: Rosa anakataliwa na mchumba kwa sababu ya maisha yake ya nyuma, na anajiua. Jamii iliyomlea na kumharibu ndiyo inayomhukumu. Mwandishi haishii kaburini. Anawapeleka binti na baba yake Zakaria mbele ya Mungu. Kwa maoni yangu, nguvu ya riwaya imo katika kumfanya baba naye ajibu.

Watauliza wenye hoja: mtu akisamehewa bure, hatarudia? Swali hili ni la kale, Paulo aliulizwa. Jibu ninaloliona bora ni la Zakayo (jina ambalo Wakenya wamelifanyia mzaha wa kodi tangu 2023). Yesu alijikaribisha kwake mtoza ushuru huyu angali na mali ya watu mfukoni. Ni baada ya hapo ndipo Zakayo aliposimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Neema ilitangulia, fidia ikafuata, na fidia hiyo ilielekezwa kwa waliodhulumiwa.

Tukitaka toba ya ukame, basi, tuitafute mahali pake. Mito yetu ya msimu huhifadhi maji ndani ya mchanga; mama huchimba kisima mchangani na kuteka miezi kadhaa baada ya mvua. Malori yaliyozoa mchanga huo kwenda kujengea miji yaliondoka na maji hayo, hata Kaunti ya Makueni ikalazimika kutunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mwenye lori naye yumo kanisani, mara nyingi kiti cha mbele. Hajawahi kusikia jina la dhambi yake likitajwa kabla ya msimu wa Oktoba. Naye anahitaji kuambiwa mambo mawili, kwa mpangilio ule wa Yeriko: kwamba Mungu yu tayari kuingia nyumbani kwake leo, na kwamba mto una wenyewe.