Kwa Nini Herode Alifadhaika?

Kila zikaribiapo siku za Sikukuu ya Kuzaliwa kwake, waalimu huuliza neno moja. Herode alikuwa na askari, na ngome, na urafiki wa Kaisari. Basi mamajusi wachache walimtia hofu gani? Tena Mathayo atueleza ya kuwa mji wote wa Yerusalemu ulifadhaika pamoja naye. Wengi hujibu kwamba ni wivu wa mfalme mbaya. Wivu alikuwa nao kweli, lakini wivu wa mtu mmoja hauutishi mji mzima. Jawabu lake hulipata ng'ambo ya mto Frati.

Huko walitawala Waparthi. Ufalme wao ulianzishwa na Arsaces karibu na mwaka 247 kabla ya Kristo, kusini-mashariki ya Bahari ya Kaspi, nao ukaenea hata Umedi na Babeli. Walikuwa hodari wa farasi na upinde. Walijifanya kukimbia, kisha wakageuka juu ya farasi aendaye mbio na kumpiga mshale adui afuataye. Mwaka 53 kabla ya Kristo, Crassus, tajiri wa Rumi, alivuka Frati kwa tamaa ya sifa. Wakamkuta karibu na Harani, mji ule ule alikokaa Ibrahimu kabla ya kwenda Kanaani. Warumi wakajifunika ngao, wakingoja mishale iwaishie wale. Kumbe nyuma walikuwako ngamia waliochukua mishale mizigo kwa mizigo! Yasemekana Warumi 20,000 walikufa na 10,000 wakatekwa. Crassus naye aliuawa.

Sasa angalieni mwaka 40 kabla ya Kristo. Pacorus, mwana wa mfalme wa Waparthi, aliingia Shamu, na jeshi lake likafika mpaka Yerusalemu. Wakamweka Antigonus kuwa mfalme, mtu wa ukoo wa Wamakabayo. Hyrcanus, kuhani mkuu, akakatwa masikio, kwa kuwa Torati hairuhusu mwenye kilema kuhudumu madhabahuni. Phasael, nduguye Herode, akajiua kifungoni. Herode mwenyewe alitoroka usiku pamoja na mama yake na mchumba wake, akawaacha katika ngome ya Masada, akaenda zake Misri, na toka huko akavuka bahari mpaka Rumi. Huko wazee wa baraza wakampa jina la mfalme wa Wayahudi, naye hana hata kijiji kimoja cha kutawala! Ilimpasa kupigana mpaka mwaka 37 ndipo alipoutwaa Yerusalemu, kwa msaada wa majeshi ya Rumi, na damu nyingi ikamwagika mjini.

Basi, zaidi ya miaka thelathini baadaye, wageni wa mashariki wanafika mjini. Mathayo hakutaja nchi yao wala hesabu yao, nasi tusiongeze. Lakini wazee wa Yerusalemu waliwakumbuka vema watu waliotoka upande ule. Tena wageni hawa hawakuuliza habari za mfalme aliyewekwa na Warumi, bali za mfalme aliyezaliwa. Mimi naona neno hilo ndilo lililomchoma Herode, mwana wa Mwedomi, ambaye hakuzaliwa mfalme.

Siku hizo vita vilikuwa vimetulia. Mwaka 20 kabla ya Kristo Waparthi walimrudishia Kaisari Augusto bendera walizomnyang'anya Crassus, na wasafiri waliweza kupita. Tena Wayahudi wengi walikaa Babeli chini ya Waparthi. Hata Hyrcanus, mateka asiye na masikio, alipewa heshima huko. Ndiyo sababu siku ya Pentekoste watu wa Parthia wamo kati ya waliosikia mahubiri ya Petro, na Luka awataja wa kwanza. Mwalimu aliye na ramani ya Biblia na awaonyeshe watoto Yerusalemu, kisha Harani, kisha Babeli, awaulize ni mfalme gani aliyetawala kila mji siku alipozaliwa Bwana.