MGUU UNAOUMA PAMOJA NA HOMA USIKANDWE

Leo mtoto anacheza vizuri. Kesho anaamka na homa kali. Mguu unamwuma karibu na goti, hataki kuukanyagia. Mama anasema, "Ameteguka." Bibi anachemsha maji, anamkanda. Siku ya tatu jirani anasema mtoto amekanyaga uchawi. Wiki inapita hivyo.

Mimi nasema wiki hiyo ndiyo inayolemaza watoto wetu.

Kuteguka hakuleti homa. Homa na maumivu ya mfupa vikija pamoja, huenda vijidudu vimeingia ndani ya mfupa. Vijidudu hivyo hukaa hata juu ya ngozi zetu. Hupita katika jipu au kidonda kidogo, huingia katika damu, kisha hufika kwenye mfupa. Huingia pia mfupa uliovunjika ukitoboa ngozi. Watoto wenye siko seli hupatwa zaidi. Wao wamezoea kuumwa mifupa, na wazazi nao wamezoea. Homa isizoewe.

Ndani ya mfupa hufanyika usaha. Lakini mfupa ni mgumu, hautanuki kama ngozi yenye jipu. Usaha huzuia damu kupita, na sehemu ya mfupa hufa. Mfupa uliokufa hauponi kwa dawa peke yake. Ni lazima daktari apasue na kuutoa. Asipoutoa, usaha hutoboa ngozi, na kidonda huweza kutoa usaha kwa miaka. Umewaona watu wa namna hiyo. Wengi wao hawakulogwa, walichelewa.

Hospitali hupima damu na kupiga picha ya mfupa. Jihadhari hapa. Picha ya siku za kwanza inaweza kuonyesha mfupa mzima, kwa sababu dalili huchukua kama siku 10 hadi 14 kuonekana. Ukiambiwa picha ni nzuri na mtoto bado ana homa, rudi ukaulize. Huo si utovu wa adabu.

Dawa huanza kwa sindano, halafu vidonge, kwa wiki kadhaa. Usaha ukiwapo hutolewa kwa kupasua. Homa ikishuka, baadhi yetu huficha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Basi ugonjwa hurudi.

Najua ni wakati wa palizi na nauli haipo. Azima. Mpeleke mtoto zahanati leo, ueleze homa ilianza siku gani na kidonda gani kilitangulia. Wakikosa vifaa, omba barua ya kwenda hospitali.