Eldoret ihesabu magari yake kabla ya kujenga maegesho

Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliukabidhi mji wa Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Wakazi walishangilia, na walikuwa na sababu. Mji ambao wazee bado wanauita Sisibo, kwa ajili ya lile shamba namba 64 ulipoanzia, ulikuwa na watu 475,716 katika sensa ya 2019, na umekuwa soko, hospitali na chuo kwa watu wa kaunti nyingi za Bonde la Ufa kwa miaka mingi kabla ya hati kuandikwa.

Hati ya jiji, hata hivyo, ni mkataba, na leo tunataka kuzungumzia kifungu kimoja cha mkataba huo ambacho viongozi hukiona kidogo mno kuweza kutajwa jukwaani: mahali pa kuegesha gari katikati ya mji.

Mkulima anatoka Moiben na pikapu yake. Anataka spea ya trekta na dawa ya kunyunyizia ngano. Shughuli yake dukani haizidi dakika ishirini. Anaingia Barabara ya Oginga Odinga, hapana nafasi. Anakata kwenda Barabara ya Kenyatta, hapana nafasi. Anazunguka mara ya pili, anachoma mafuta, anazidisha msongamano ambao yeye mwenyewe anaulaani, na mwisho anasimama katikati ya njia kando ya gari lililoegeshwa, taa za dharura zikiwaka. Nyuma yake matatu inakwama. Bodaboda zinapenya kushoto na kulia, mama mwenye mtoto mgongoni anashuka barabarani kwa sababu njia ya miguu imekaliwa na gari jingine. Ikiwa wakati huo kuna ambulansi inayokimbiza mgonjwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, nayo itasubiri. Mwenye duka akiulizwa atasema biashara ni mbaya. Msafirishaji atasema barabara ni nyembamba. Mwanasiasa atasema tujenge jengo la ghorofa la maegesho. Swali ambalo halisikiki ni hili: magari haya yaliyojaa ni ya nani, na yameingia saa ngapi?

Katiba ya 2010 haikuacha shaka juu ya mwenye jukumu. Jedwali la Nne linaorodhesha trafiki na maegesho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, katika orodha moja na barabara za kaunti, taa za barabarani na usafiri wa umma. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 nayo inataka jiji liwe na bodi, meneja, na mpango jumuishi wa maendeleo unaoongoza matumizi yake. Kwa hiyo Kaunti ya Uasin Gishu na bodi ya jiji haziwezi kunyoosha kidole Nairobi. Kweli, Barabara ya Uganda inayopasua mji ni barabara kuu ya kitaifa na ina mamlaka yake. Hilo linawataka watu wa kaunti na wa mamlaka hiyo wakae meza moja. Haliwapi wote wawili ruhusa ya kukaa kimya.

Na kuhusu barabara hiyo kuna jambo la kuuma. Taifa limetumia fedha nyingi kujenga barabara ya mchepuko ya kilomita 32 ili malori ya masafa, yale yanayotoka Mombasa kwenda Malaba na kuvuka Uganda, yasilazimike kupita katikati ya Eldoret. Kila mita ya lami iliyokombolewa kwa fedha hizo ni mali ya umma. Ikiwa nafasi iliyoachwa na lori itamezwa na gari dogo lililosimama kutwa nzima, tutakuwa tumelipa deni la barabara ili kumpa mtu mmoja mahali pa kulaza gari lake.

Tatizo hili si geni wala si letu peke yetu. Mnamo Julai 1935, mji wa Oklahoma City huko Marekani ulifunga mita ya kwanza duniani ya kulipia maegesho, kwa senti tano. Aliyeisukuma kazi hiyo alikuwa mhariri wa gazeti, Carl Magee, ambaye wafanyabiashara wa mji walimpa jukumu la kamati ya trafiki. Kilichowasumbua wenye maduka wa Oklahoma City ndicho kinachowasumbua wa Eldoret: nafasi za mbele ya maduka zilikuwa zikijaa asubuhi na mapema kwa magari ya watu wanaofanya kazi humo humo mjini, na mteja alipofika alikuta mlango umezibwa. Mita ilimwambia mwenye gari kwamba nafasi hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni umma, na umma unaikodisha kwa saa.

Sisi hapa, katika kaunti nyingi, tumezoea kutoza ada kwa siku. Mtu anayesimama robo saa kuchukua dawa analipa sawa na anayeegesha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Huo ni utaratibu rahisi kwa karani na mbaya kwa mji. Nafasi moja ya mbele ya duka, ikipokezanwa kila saa, ingehudumia magari tisa katika muda huo. Chini ya ada ya siku inahudumia moja. Nafasi mia moja za namna hiyo zinaweza kupokea wateja mia tisa au zikalaza magari mia moja, na tofauti hiyo haihitaji mfuko mmoja wa saruji. Ukishalipa ya siku, kwa nini uondoke? Ada hiyo inamshawishi mtu akae.

Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia maisha yake kuchunguza jambo hili, na kitabu chake kikubwa juu ya gharama ya maegesho ya bure kilitoka mwaka 2005. Shauri lake linaeleweka hata na asiyesoma uchumi: bei ya kila barabara iwekwe kiasi kwamba nafasi moja au mbili zibaki wazi kila wakati. Penye shughuli nyingi bei ipande, penye utulivu ishuke. Atakayekaa kutwa atajipeleka mwenyewe mitaa ya pembeni, na atakayekuja kwa nusu saa atapata mlango wa duka uko wazi. Tunalichukua shauri hilo kama lilivyo, kwa sababu linafaa.

Tunajua hapa patakuwa na kelele. Wananchi wamechoshwa na tozo, na wana haki ya kuchoka, kwa maana wamelipa sana na kuona kidogo. Ndiyo maana sehemu ya pili ya shauri la Shoup ni nzito kuliko ya kwanza: fedha zilizokusanywa barabara fulani zirudi barabara ile ile. Huko Pasadena, mji ulio karibu na Los Angeles, wenye maduka wa mji mkongwe walipinga mita kwa muda mrefu. Walikubali mwaka 1993 walipoahidiwa kwamba mapato yatatengeneza njia zao za miguu, taa zao na usafi wa vichochoro vyao. Ahadi ilitimizwa, na mtaa uliokuwa umechakaa ukawa mahali watu wanapokwenda kwa kupenda. Mfanyabiashara wa Eldoret hatofautiani na yule. Mwonyeshe mtaro uliozibuliwa na njia ya miguu iliyotandikwa mawe mbele ya duka lake kwa fedha za maegesho, naye atakuwa wa kwanza kumkemea anayekwepa kulipa.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa umma katika fedha za umma. Basi tunaitaka kaunti itangaze kila mwezi, kwa kila barabara, ni shilingi ngapi zilikusanywa kwenye maegesho na zilitumika wapi. Jumla moja kubwa ndani ya kitabu cha bajeti, mara moja kwa mwaka, haitoshi. Ada ambayo mlipaji haioni inakokwenda humfundisha kutafuta njia ya kutoilipa, na njia hiyo kwa kawaida hupita kwenye kiganja cha askari wa kaunti.

Kuhusu askari hao tuseme wazi. Mnyororo wa gurudumu ni chombo cha sheria. Ukifungwa kwa gari la mgeni asiyejua mji na ukapita kando ya gari la mkubwa lililosimama pale pale tangu alfajiri, sheria imevuliwa nguo mbele ya watu. Gari la afisa wa umma, liwe la kaunti au la serikali kuu, lilipe na liondoke muda wake ukiisha. Noti inayopokewa dirishani bila risiti ni wizi, hata iwe ya shilingi hamsini, na mkubwa wa kitengo anayejua na kunyamaza ni mshiriki.

Lipo pia suala la majengo, na hapa lawama inagawanyika. Ramani inapopelekwa kuidhinishwa, ghorofa ya chini ya ardhi huandikwa maegesho. Jengo likiisha, ghorofa hiyo ikageuzwa vibanda vya kukodisha, magari yaliyopaswa kulala chini yanapanda barabarani, na mwenye nyumba anakuwa ameuza nafasi ya umma asiyoimiliki. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti uwezo wa kutoa idhini na uwezo wa kumwandikia ilani anayekiuka idhini hiyo. Wahusika wapite jengo kwa jengo wakiwa na ramani mkononi. Wenye majumba ya Eldoret, wakiwemo wanariadha waliokimbia mbio za dunia kisha wakarudi kuwekeza nyumbani, ni watu wa heshima, na heshima hiyo ndiyo inayowafunga kutekeleza walichokitia saini.

Je, lile jengo la ghorofa la maegesho? Hatulikatai milele. Lakini gari moja ndani ya jengo la namna hiyo, ukijumlisha njia za kupandia na kugeuzia, hula takriban mita za mraba 25 hadi 30 za saruji na nondo. Kulijenga kabla ya kurekebisha ada ya barabarani ni kujenga nyumba itakayokaa tupu, kwani dereva hatapanda ghorofa ya tatu wakati anaweza kulaza gari barabarani kutwa kwa bei ile ile. Deni litabaki kwa watoto wetu.

Busara kubwa zaidi ni kuyazuia magari ya kutwa yasifike katikati. Oxford huko Uingereza, mji mdogo kuliko Eldoret kwa idadi ya watu, tangu miaka ya 1970 umekuwa na viwanja vya maegesho pembezoni, ambako mtu huacha gari lake na kuingia mjini kwa basi. Eldoret inaingiwa kwa barabara chache zinazojulikana: ya Iten, ya Kapsabet, ya Kitale, ya Nakuru na ya Malaba. Kiwanja chenye ulinzi kwenye mbili kati ya hizo, pamoja na matatu zinazotoka kwa ratiba, ni jambo ambalo bodi ya jiji inaweza kulijaribu bila kusubiri mkopo. Ardhi ya pembezoni bado ipo. Baada ya miaka kumi, jinsi majumba yanavyoota, haitakuwepo.

Mpango wowote wa maegesho usiwasahau wasio na gari, maana ndio wengi. Bodaboda zipewe vituo vilivyochorwa. Mikokoteni ipewe mahali na saa za kushusha mizigo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na nafasi iliyotengwa kwa ajili yake karibu na benki, hospitali na ofisi za kaunti haipaswi kukaliwa hata dakika moja na mtu mwenye miguu mizima aliyeona uvivu kutembea.

Nanyi wenye maduka na waajiri, mnalo la kutenda kesho asubuhi bila kuagizwa na mtu. Gari lako na la meneja wako likiwa mbele ya duka tangu saa mbili, wewe mwenyewe umemfukuza mteja wa kwanza. Liegeshe mbali, utembee.

Kazi ya kuanzia ni ndogo kiasi kwamba hakuna kisingizio cha fedha. Karani mmoja anaweza kutembea barabara moja kila baada ya nusu saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, akiandika tarakimu za mwisho za namba za magari yaliyosimama. Makarani ishirini wakifanya hivyo kwa juma moja, kaunti itajua, kwa kila barabara, nafasi zipo ngapi, magari ya kutwa ni mangapi na ya wapita njia ni mangapi. Daftari hizo ziwekwe hadharani, kwenye ofisi za wadi na kwenye tovuti ya kaunti, kabla Mswada wa Fedha ujao haujafika mbele ya wawakilishi wa wadi. Mswada ukija na ada ya maegesho isiyo na daftari nyuma yake, wawakilishi hao waurudishe.